UZI: Hawavuti sigara lakini moshi wanaumeza kila siku. Tuwazungumzie wahudumu wa baa, wake wa wavutaji na wapangaji wenzetu

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila tukizungumzia sigara humu, mjadala unaishia kwa mvutaji: aache, asiache, mwili ni wake, hela ni yake. Leo naomba tumweke kando. Nataka tumzungumzie aliye pembeni yake, ambaye hajawahi kushika sigara maishani, na hasa yule asiye na uwezo wa kunyanyuka akaondoka.

Mwaka 2018 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa matumizi ya tumbaku kwa watu wazima wa Tanzania, ule unaojulikana kimataifa kama GATS, unaohoji watu wa kuanzia miaka 15 majumbani kwao. Wanaotumia tumbaku ya aina yoyote, iwe ya kuvuta, kunusa au kutafuna, walikuwa 8.7%. Wanaume 14.6%, wanawake 3.2%. Kwa lugha nyepesi, kwenye watu wazima kumi hata mmoja kamili hafiki.

Sasa tazameni upande wa pili wa utafiti huo huo. Kati ya waliokwenda baa au klabu za usiku, 77% walikutana na moshi wa sigara humo. Kwenye migahawa ni kama 31%. Wanaofanya kazi ndani ya majengo, karibu theluthi moja walivutishwa moshi kazini. Nyumbani ni karibu 14%, asilimia ambayo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke nchi hii ina watu wangapi.

Wanaowasha ni wachache. Wanaovuta moshi wao ni wengi.

Na wanawake ndio wanaoniuma zaidi. Mwanamke wa Kitanzania kwa kawaida havuti. Tumbaku ikimdhuru mjini, mara nyingi ni ya mume, ya baba, ya bosi au ya mteja. Hakuichagua, hakuinunua, na wala hapati hiyo starehe yenyewe.

Kwa wanaodhani moshi wa pembeni ni harufu tu: sigara iliyowashwa inatoa moshi wa aina mbili. Kuna ule anaoupuliza mvutaji baada ya kuupitisha kwenye kichungi na kwenye mapafu yake, na kuna ule unaopanda wenyewe kutoka kwenye kaa la sigara iliyokaa tu kidoleni au kwenye kisahani cha majivu. Huu wa pili ndio unaojaza chumba, na haukupita kwenye kichungi chochote. Tumbaku inaungua pale kwa joto dogo, hivyo baadhi ya sumu zake huwa nyingi kuliko zilizomo kwenye moshi anaouvuta mwenye sigara. Humo ndani kuna kemikali zaidi ya 7,000, na kama 70 zinajulikana kusababisha saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, limeuweka moshi huu kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na asbesto.

Hili si jambo la juzi. Mwaka 1981 Daktari Takeshi Hirayama wa Japani alitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wake zaidi ya 91,000 ambao wenyewe hawakuwa wavutaji. Waliokuwa na waume wanaovuta pakiti nzima na zaidi kwa siku walikufa kwa saratani ya mapafu karibu mara mbili ya wake wa wanaume wasiovuta. Makampuni ya sigara yalimshambulia vikali. Tafiti za nchi nyingine zikaja zikaonyesha mwelekeo ule ule.

Turudi kwetu uswahilini. Wengi wetu tumepanga au tumewahi kupanga nyumba ya vyumba sita, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na bomba uani. Ukuta wa kutenganisha vyumba umeishia chini ya kenchi, juu ni bati tupu, silingi bodi hakuna. Redio ya jirani unaisikia, dagaa anaokaanga unawajua. Moshi wa sigara nao unapita huko huko juu. Jirani anawasha akiwa kitandani saa tano usiku, dirisha kafunga sababu ya mbu. Moshi unapanda, unagonga bati, unatafuta pa kushukia. Asubuhi chandarua cha aliyelala chumba cha pili kinanuka tumbaku, na katika familia yake hakuna hata mmoja anayevuta.

Sheria tunayo. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inakataza kuvuta kwenye maeneo ya umma, ila imeacha mlango wazi: mwenye eneo anaweza kutenga sehemu ya wavutaji. Kwenye baa nyingi "sehemu" hiyo ni meza mbili za kona, bila ukuta, bila mlango. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ambao kifungu chake cha 8 kinataka watu wakingwe na moshi kazini, kwenye usafiri wa umma na kwenye maeneo ya umma ya ndani. Mwaka huo huo nchi wanachama zilikutana Bangkok zikapitisha miongozo inayosema wazi kwamba vyumba vya wavutaji na mitambo ya kusafisha hewa haviwakingi watu. Kinachowakinga ni kutovuta ndani kabisa.

Na msiniambie Watanzania hawawezi. Leo washa sigara ndani ya daladala uone, abiria watakushusha kabla konda hajafungua mdomo. Kwenye daladala tumekubaliana, na hakuna polisi anayesimama kwenye kila kiti.

Msimamo wangu ni huu: kipimo cha sheria ya moshi kisiwe mteja, kwa sababu mteja akikereka anahama meza au anahama baa. Kipimo kiwe ni mtu ambaye hawezi kuhama. Naomba michango yenu, hasa wenye uzoefu wa kazi hizi.

#2 dada_kaunta

Kaka mleta uzi, asante sana. Mimi ni mhudumu wa baa, mji siutaji.

Watu wanafikiri moshi unaupata ukikaa karibu na mvutaji. Sisi hatukai. Naingia saa kumi jioni, natoka saa saba usiku, wikiendi inazidi hapo. Mteja akiagiza inabidi uiname usikie maana muziki uko juu, na yeye anakujibu huku anapuliza. Vipisi namwaga mimi. Kisahani cha majivu kikijaa nakibeba kwenye trei moja na chupa tupu, mara nyingi kuna kipisi bado kinafuka, nakizima kwa maji yaliyobaki kwenye glasi. Nikirudi geto nikivua sare naiacha nje ya mlango. Nywele ndiyo shida, nikisuka rasta harufu inakaa mpaka siku ya kufumua.

Kila asubuhi nakohoa. Nimeenda zahanati, swali la kwanza "unavuta?" Nikijibu sivuti, hapo maswali yameisha, napewa dawa ya kikohozi naondoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya kazi wapi.

Nilishamwomba meneja wavutaji wakae nje upande wa parking. Akaniambia hao ndio wanaokunywa sana, na kama siwezi kuna wasichana wengi wanatafuta kazi. Ni kweli wapo wengi.

#3 Mzalendo_wa_Buza

Mleta mada, nakuheshimu ila nadhani unakuza jambo. Mama zetu wanapika kwa kuni na mkaa miaka nenda rudi, moshi wa jikoni haufananishwi na kasigara kamoja. Ongeza vumbi, takataka zinazochomwa kila jioni, na malori ya dizeli barabara ya Mbagala. Halafu baa zetu ziko wazi, makuti juu na upepo unapita. Hizo takwimu za moshi wa baa ni za kuletewa kutoka nchi za baridi ambako watu wanajifungia.

#4 Mleta uzi

Mkuu Mzalendo, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Moshi wa kuni na mkaa unaua, na ndiyo maana Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa 80% ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Naunga mkono kwa asilimia zote. Lakini mapafu hayana foleni kwamba yashughulike na mkaa kwanza halafu sigara isubiri. Mama aliyepika kwa mkaa jioni na kulala na mvutaji usiku amepata vyote viwili kifuani. Na kuna tofauti kubwa ya gharama: kumhamisha mama kutoka mkaa kwenda gesi kunahitaji mtungi, jiko na hela ya kujazia kila mwezi. Kuhamisha sigara kutoka ndani kwenda nje hakuhitaji hata shilingi.

Kuhusu baa kuwa wazi, ni kweli kwa baa nyingi, na nakubali kwamba upepo unapunguza. Ila masika maturubai yanashushwa pande zote, na klabu zenye AC zimefungwa mwaka mzima. AC ya kawaida haiutoi moshi, inaupoza na kuuzungusha. Na takwimu nilizoleta ni za Watanzania waliohojiwa hapa hapa Tanzania. Hazikuletwa kutoka kwenye baridi.

#5 tabibu_wa_zamu

Naomba kuongezea upande wa afya, maana watu wakisikia sigara wanawaza mapafu tu na saratani ya baada ya miaka thelathini.

Kiungo kinachoathirika haraka sana na moshi wa pembeni ni moyo. Mtu asiyevuta akikaa kwenye moshi hata nusu saa, mishipa yake ya damu inaanza kushindwa kutanuka inavyotakiwa, na chembe zinazogandisha damu zinakuwa nyepesi kunatana. Kaboni monoksaidi nayo inakaa kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Kwa kijana mwenye afya haonekani ana tatizo. Kwa mzee wa miaka 58 mwenye presha na sukari ambaye ameenda kutazama mpira sehemu iliyojaa moshi, hiyo inaweza kuwa ndiyo siku mshipa unaziba.

Kwa kukadiria, kuishi au kufanya kazi na wavutaji huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo kwa 25 hadi 30%, saratani ya mapafu 20 hadi 30%, na kiharusi kiasi hicho hicho. Kuna jambo linalowashangaza wengi: madhara ya moyo hayapandi sambamba na kiasi cha moshi. Asiyevuta anapata sehemu ndogo sana ya moshi anaoupata mvutaji, lakini madhara ya moyo anayoyapata si madogo kwa kiwango hicho. Ndiyo maana wataalamu wanasema hakuna kiwango kidogo kilicho salama.

Ushahidi mzuri uko Scotland. Walipiga marufuku kuvuta ndani ya maeneo ya umma Machi 2006, kisha wakalinganisha waliolazwa kwa matatizo ya ghafla ya mishipa ya moyo kabla na baada. Walipungua 17%, na karibu theluthi mbili ya upungufu huo ulikuwa kwa watu wasiovuta. Mvutaji hakulazimishwa kuacha, alitolewa nje tu, na jirani yake akaacha kuja wodini.

Dada wa kaunta, ukirudi kituoni usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: sivuti, ila nafanya kazi baa yenye moshi saa tisa kwa siku, nakohoa kwa wiki kadhaa. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kinatakiwa kupimwa kifua kikuu bila kujali unavuta au huvuti, na kipimo hicho ni bure kwenye vituo vya serikali. Kama una pumu mwambie pia.

#6 Kijana wa Kinondoni

Mmesahau shisha. Ilipigwa marufuku Dar mwaka 2016, tangazo likatoka na watu wakashangilia, lakini sote tunajua hali ilivyo leo. Pale anayepata kwanza si mteja, ni kijana anayewasha mkaa na kuuvuta ule mpira mara mbili tatu ili uwake kabla hajakupelekea mezani. Usiku mzima anawasha za meza zote.

#7 Mleta uzi

Umenena mdogo wangu. Na mkaa wa shisha wenyewe ni kiwanda cha kaboni monoksaidi, hata kama mtungi umejazwa kile wanachouza kwa jina la "isiyo na tumbaku". WHO imeeleza kuwa anayekaa kwenye shisha saa moja anaweza kuvuta moshi wenye ujazo wa sigara mia na zaidi. Yule wa kuwasha, na aliyekaa meza ya pili, wako kwenye hewa hiyo hiyo.

#8 Mtu wa Rongai

Ndugu zangu wa Bongo, salamu kutoka Kenya. Sisi sheria yetu ni ya 2007 na ina ugonjwa ule ule wa kutenga sehemu za wavutaji. Nairobi katikati ya jiji huwezi kuwasha sigara ukitembea, kanjo, yaani askari wa jiji, wakikuona utajua hujui. Kuna mahali maalumu pa kuvutia na watu wamezoea. Barabarani tumeshinda. Lakini ingia baa usiku: chumba cha wavutaji kiko hapo, mlango wake hufunguliwa kila dakika, na yule waiter huingia humo na trei kama kawaida. Kwa hiyo aliye barabarani penye hewa tele amelindwa, aliyefungiwa ndani na kazi yake hajalindwa. Mimi naona tumeanza upande usiofaa.

Uganda ndio wametuzidi sote. Sheria yao ya 2015 haikuacha chumba cha wavutaji, ni marufuku ndani ya maeneo yote ya umma na kazini, na nje lazima uwe umbali wa mita 50. Utekelezaji ni hadithi nyingine, lakini angalau mhudumu wa Kampala ana maandishi ya kumwonyesha bosi wake.

#9 Bosi_wa_grosari

Naomba mnisikilize na mimi bila kunitukana. Nina grosari mtaani, nimeajiri watu. Nikibandika kibao cha usivute sigara hapa kesho, jioni yake wateja wangu wamehamia kwa jirani mita themanini tu kutoka kwangu. Yeye hatabandika. Nitafunga, na hao wahudumu mnaowatetea watakosa kazi kabisa. Tuambieni tunafanyaje.

#10 Mleta uzi

Mkuu, hakuna atakayekutukana, umesema ukweli wa biashara yako. Na jibu lake ni hilo hilo ulilolisema: ukianza peke yako unaumia. Ndiyo maana haliwezi kuachwa kwa hiari ya kila mwenye baa. Likiwa la wote siku moja, mteja hana pa kuhamia. Atatoka nje, atavuta, atarudi kwenye bia yake.

Ireland walifanya hivyo Machi 29, 2004, nchi ya kwanza duniani kuondoa sigara kwenye sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo. Na hoja yao kuu haikuwa mteja, ilikuwa mfanyakazi. Wenye baa walilia kama unavyolia wewe. Watafiti wakapima mate ya wahudumu kabla na baada, wakitafuta kotinini, mabaki ya nikotini mwilini. Yalishuka kwa 80%. Baa za Ireland zipo mpaka leo. Tafiti zilizokagua hesabu za mauzo katika nchi mbalimbali, zile zisizolipiwa na makampuni ya sigara, kwa ujumla hazikuona biashara ya baa na migahawa ikianguka kwa sababu ya sheria hizi.

Na kuhusu wahudumu, kuna mama mmoja wa Canada, Heather Crowe, alihudumia mezani Ottawa kwa miaka 40. Hakuwahi kuvuta sigara. Mwaka 2002 akakutwa na saratani ya mapafu, akalipwa fidia kama mfanyakazi aliyeumia kazini, akatumia muda wake uliobaki kuzunguka nchi akiomba wenzake walindwe. Alifariki 2006. Sitaki dada zetu wafike huko ndipo tuanze kuandika sheria.

Wewe anza na jambo usilolipia chochote: hamisha visahani vya majivu. Usipoviweka meza za ndani na ukaviweka nje kwenye benchi, wengi watavifuata wenyewe bila kibao.

#11 Mkulima wa Urambo

Nimesoma uzi wote. Mimi ni mtoto wa tumbaku, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye bani la mzee, yaani banda la kukaushia tumbaku. Huwa mjadala kama huu ukianza watu wa kampuni wanatusukuma mbele sisi wakulima, kwamba mkizuia sigara baa mkulima wa Tabora atakufa njaa. Jani letu sehemu kubwa linauzwa nje ya nchi. Mlevi wa Sinza akitoka nje kuvuta, bei ya kilo moja ya jani huku Urambo haitikisiki. Msiwasikilize.

Ila naomba mtukumbuke na sisi wasiovuta wa huku. Msimu wa kuchuma unaingia shambani alfajiri jani lina umande, nguo inalowa, nikotini inapita kwenye ngozi. Mchana mtu ambaye hajawahi kuvuta anatapika, kichwa kinazunguka, moyo unakwenda mbio. Huku wanasema ni jua. Nimewaona wanawake wajawazito wakifunga majani kwenye fito wakiwa wamekaa chini, miguu imeganda gundi nyeusi ya tumbaku. Hao nao hawakuchagua.

#12 dada_kaunta

Baba wa Urambo, pole sana na familia. Sikujua kabisa kuhusu hilo la umande.

#13 Mpangaji_Tandika

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Nyumba yetu ni kama ile iliyoelezwa pale juu, ukuta haujafika kwenye bati. Jirani wa chumba cha mkono wa kulia ni mzee wa makamo, mtu mwema sana, ila anavuta ndani usiku. Mke wangu ana ujauzito wa miezi sita, harufu ikianza anatoka nje anakaa kibarazani hata saa sita usiku. Nimefikiria kuziba uwazi wa juu kwa turubai. Itasaidia? Na mzee kama yule naanzaje kumwambia? Kodi nimelipa miezi sita, siwezi kuhama.

#14 tabibu_wa_zamu

Ndugu, turubai litapunguza kidogo harufu lakini usilitegemee. Moshi utapita chini ya mlango na kwenye korido, na joto la chumba chenu litaongezeka. Kwa mjamzito moshi huu unahusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, kwa hiyo ana sababu ya kweli ya kutoka nje, asionekane anajidekeza. Amwambie mkunga kliniki. Suluhisho ni sigara kuwashwa nje, mbali na madirisha.

#15 Bibi wa Mtoni

Mwanangu, mimi nimekaa nyumba za kupanga tangu nikiwa msichana. Usimwendee mzee usiku moshi ukiwa bado unafuka, atajua umekuja kugombana. Mwendee jioni akiwa amekaa nje, msalimie vizuri, shikamoo yake mpe, mwulize hali. Halafu mwambie habari ya mkeo: "Baba, mwenzangu ana mimba na kliniki wamemkataza kabisa moshi wa sigara, na vyumba vyetu unavijua, juu kuko wazi. Nakuomba kwa heshima, ukitaka kuvuta utuvutie uani." Usiseme unatuua, usiseme sheria. Mzee mwema akishajua kuna mtoto anakuja, atatoka mwenyewe. Wengi hawajui kwamba moshi unafika upande wa pili.

Akikataa, ongea na mke wake kama yupo, au mwenye nyumba. Mjumbe awe wa mwisho.

#16 Mleta uzi

Bibi, shikamoo. Hakuna mtaalamu angelisema vizuri zaidi.

Naongezea moja kwa wapangaji wote. Kuna nyumba Temeke naifahamu, wapangaji walikaa kikao kile cha kugawana bili ya umeme na maji, wakaongeza ajenda ya sigara. Wakakubaliana wavutaji wavutie uani upande wa karo, mbali na madirisha, na kipisi kiingie kwenye kopo la mchanga. Mwenye nyumba akaliandika kwenye mikataba ya wapangaji wapya. Wavutaji wawili walikuwepo kikaoni na walikubali bila ubishi.

#17 dada_kaunta

Kaka, swali la mwisho. Sisi wa baa hatuna kikao wala mwenye nyumba. Nikitaka kulalamika rasmi naenda wapi, bila bosi kujua ni mimi?

#18 Mleta uzi

Dada, kuna njia tatu na zote ni halali.

Ya kwanza ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Mwaka ule ule wa 2003 ilipopita sheria ya tumbaku ilipita pia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayomtaka mwajiri akukinge na hatari za kazini. Moshi unaosababisha saratani ni hatari ya kazini kama mashine isiyo na kinga. Wakaguzi wao wana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, na ukitoa taarifa omba jina lako lisitajwe. Ya pili ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ambayo ndiyo inayosimamia udhibiti wa bidhaa za tumbaku kwa sasa, pamoja na afisa afya wa kata yako. Ya tatu, na kwa kazi yako naiona ndiyo yenye nguvu, ni chama cha wafanyakazi wa mahoteli na majumbani, CHODAWU. Ukienda peke yako wewe ni msichana mmoja anayeweza kubadilishwa. Mkienda wahudumu sita wa baa tatu tofauti, barua inaandikwa kwa jina la chama.

Kabla ya kwenda andika kwenye daftari: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, wavutaji wanakaa meza zipi, kama kuna ukuta au hakuna, kama kibao kipo. Usipige picha za wateja. Na karatasi za zahanati zitunze zote, hata ile ya dawa ya kikohozi.

Nitumie ujumbe pembeni uniambie uko wilaya gani, nikutafutie ofisi iliyo karibu nawe.